Zakayo Alikimbia Mbele ya Watu

Ukitembea kwenye njia za vumbi za Lulindi asubuhi, kila unayekutana naye atakusalimu, na baada ya salamu atakuuliza, "Unakwenda wapi?" Huo si udaku. Ni adabu ya kwetu, na aliyezaliwa huku hujibu bila kufikiri: naenda shambani, naenda mashineni, naenda msibani, naenda zahanati. Lakini wapo ndugu zetu ambao swali hilo huwavunja miguu. Ni wale wenye miili mikubwa, walioambiwa na mganga kuwa shinikizo la damu limepanda au sukari imezidi, na kwamba wanapaswa kufanya mazoezi. Wanatembea, lakini hakuna mahali wanapokwenda. Hawana jembe begani wala ndoo kichwani. Wamjibu nini anayewauliza?

Msomaji mpendwa, jambo ninalotaka tulitafakari linaweza kuonekana dogo mno kwa kitabu cha imani: aibu ya mtu mnene anapofanya mazoezi mbele ya watu. Naliandika kwa sababu naamini aibu hiyo inawaharibia watu wetu afya, na tena kwa sababu chini yake kuna swali la zamani sana ambalo Kanisa linalo jibu lake. Mwanadamu anasimamaje mbele ya macho yanayomtazama?

Tuanze na hali ilivyo. Wazee wetu wa uwanda wa Makonde hawakuhitaji mtu wa kuwafundisha mazoezi. Kule juu Newala maji yalikuwa ya shida, na akina mama walishuka mteremko mrefu hadi mabondeni na kuupanda tena na mzigo wa maji kichwani. Shamba lililimwa kwa jembe la mkono, mihogo ilitwangwa kinuni, na safari ilikuwa ya miguu. Hata historia ya Ukristo wa huku ilianza kwa miguu: mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar na kundi la watu waliookolewa utumwani, wakashuka Lindi, wakatembea hadi Masasi.

Leo bodaboda inamfikisha mtu mlangoni, mashine inasaga unga, na mwenye mshahara au mavuno mazuri ya korosho huwalipa vibarua wamlimie. Mezani kuna mafuta, sukari na soda zaidi ya zamani. Sitaki kuyalaumu mambo haya. Hakuna anayetamani mama yake arudi kubeba maji mlimani. Lakini mwili ulioumbwa kwa ajili ya kujongea umebaki umekaa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa katika nchi yetu wanawake wapatao 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya Watanzania kufanya mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, yaani nusu saa ya kutembea kwa haraka kwa siku tano. Hiyo haidai fedha wala vyuma vya jimu. Basi kwa wengi kinachokosekana si maarifa wala nafasi. Wanayaogopa macho ya watu.

Na macho hayo, ndugu zangu, yana hukumu mbili zinazopingana. Mama akinenepa tunamsifu kuwa amenawiri na mumewe anamtunza. Baba akiota kitambi tunasema mambo yake yamekaa vizuri. Lakini mwili uleule tuliousifu ukianza kukimbia barabarani, vijana kwenye pikipiki wanapaza sauti, "Bonge!" na watu wanacheka. Akivumilia hadi akapungua, hapo mnong'ono mwingine unaanza. Tunaikumbuka miaka ambayo kila aliyekonda alidhaniwa ana UKIMWI, na mazoea yale hayajatutoka. Kwa hiyo mtu huyu hana pa kusimama: abaki alivyo, anaumwa, akimbie, anachekwa, apungue, anasemwa.

Kwa akina mama kuna mzigo wa ziada. Suruali ya mazoezi inazua maneno, hivyo mwingine anaifunika kwa kanga, anatoka saa kumi na moja alfajiri gizani ili asionekane, mpaka siku anapokutana na mbwa au mtu asiyemfahamu, basi anaacha kabisa. Mwingine wa mjini anajipa moyo kwenda jimu, anakuta ukuta mzima wa vioo na vijana wenye misuli. Anatumia dakika kumi kujitazama na kuona jinsi anavyotazamwa. Kesho yake harudi.

Biblia inaijua hali hii tangu kurasa zake za mwanzo. Katika Mwanzo sura ya tatu, Adamu na Hawa wanapojua kwamba wako uchi, jambo la kwanza wanalofanya ni kujifunika, na la pili ni kujificha kati ya miti. Mwili haukuwa umebadilika. Ni ule ule ambao Mungu aliuona kuwa mwema sana. Kilichobadilika ni kwamba sasa wanajitazama wenyewe kwa hofu. Martin Luther, alipofundisha Waraka kwa Warumi mwaka 1515 na 1516, alieleza dhambi kuwa ni moyo uliojikunja, ukageukia ndani yake wenyewe. Mara nyingi tunadhani moyo wa namna hiyo ni wa mtu mwenye majivuno tu. Lakini aibu nayo hutukunja. Mwenye majivuno na mwenye aibu wote wawili wanakaa mbele ya kioo kimoja. Mmoja anafurahia anachokiona, mwingine anakichukia, na wote wawili hawana nafasi ya kutazama kitu kingine.

Ndiyo maana dawa mbili zinazotolewa siku hizi hazitoshi. Ya kwanza inasema: pungua kwanza, ndipo utakubalika. Hiyo ni sheria bila neema, na anayeishi chini yake hatafika, kwa sababu hata akipungua kilo kumi bado kuna macho mengine ya kuyaridhisha. Ya pili inasema: jipende ulivyo, usijali mtu. Ina uzuri wake, nami nisingependa kuidharau, kwa kuwa imewainua wengi waliokuwa wamedharauliwa. Lakini bado inamwacha mtu mbele ya kile kioo, akijilazimisha kupenda anachokiona. Siku asipoweza kujipenda atafanya nini?

Injili inaanzia mahali pengine. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther anapofafanua sehemu ya kwanza ya Imani, hasemi kwa ujumla tu kwamba Mungu aliumba mbingu na nchi. Anamfundisha mtoto kukiri kuwa Mungu amemuumba yeye, na anahesabu mwili, macho, masikio na viungo vyote kuwa zawadi, tena zawadi iliyotolewa bila sisi kuistahili. Watoto wetu wa kipaimara wanakariri maneno hayo. Maana yake ni kwamba mwili wangu haujaletwa mbele ya watu ili wauhukumu kama waupe alama au la. Umepewa, na aliyeutoa hajautaka radhi ulimwengu. Na tunapofundisha kwamba tunahesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani, hatuna haki ya kuweka mizani mlangoni.

Mtazame Zakayo katika Luka sura ya 19. Alikuwa mkuu wa watoza ushuru, tajiri, na mwenye kimo kifupi. Kwetu mtu mzima mwenye cheo hakimbii ovyo barabarani, sembuse kupanda mti. Lakini Zakayo alikimbia mbele ya watu, akapanda mkuyu, mwili wake ule mfupi ukiwa wazi kwa kila aliyependa kucheka. Kwa nini aliweza? Kwa sababu alitaka kumwona Yesu, na hamu hiyo ilikuwa kubwa kuliko hofu ya kuonekana. Kisha Yesu akamwita kwa jina na kutaka kukaa nyumbani kwake, kabla Zakayo hajaahidi kurudisha fedha yoyote. Umati ulinung'unika, Biblia haifichi hilo. Na Zakayo alishuka na kimo kilekile alichopanda nacho. Alichopata ni kukaribishwa, na kutoka hapo maisha yake yakabadilika.

Mpangilio huo ndio ninaotaka kuushika. Mkristo mnene hafanyi mazoezi ili akubalike. Anafanya kwa kuwa amekwisha kukubaliwa, hivyo anaweza kuuliza swali lingine kabisa: mwili huu niliopewa una kazi gani bado? Una wajukuu wa kulea, una mgonjwa wa kuuguza, una nafasi katika kwaya, una wanafunzi darasani. Mazoezi kwa ajili ya hao ni sehemu ya upendo kwa jirani. Wataalamu wanatuambia pia kwamba kutembea kunasaidia kushusha shinikizo la damu na sukari hata kabla uzito haujapungua. Kwa hiyo anayetembea mwezi mzima na mizani isisogee hajashindwa.

Najua yapo mapingamizi. Mmoja atasema kuwa Mtume Paulo, katika 1 Timotheo 4:8, aliona mazoezi ya mwili yanafaa kidogo. Ni kweli. Aliyaweka chini ya utauwa, na sisi tuyaache hapo. Lakini aliyesema yanafaa kidogo hakusema hayafai. Mwingine atasema unene ni matunda ya ulafi, hivyo aibu ni haki ya mlafi. Huyu nimjibu kwa uangalifu. Ulafi ni dhambi, na wapo wembamba walio walafi. Unene una sababu nyingi: urithi wa familia, uzazi, maradhi, baadhi ya dawa, kazi ya kukaa, umaskini wa chakula chenyewe. Anayemwona mtu barabarani hajui hata moja ya hizo. Na hata pale ulafi ulipo, sijaona mahali Yesu alipomponya mtu kwa kumcheka.

Hapa neno linatugeukia sisi tunaotazama. Luther anafundisha kuwa amri ya tano, usiue, haiishii kwenye kisu. Inatutaka tusimdhuru jirani katika mwili wake, bali tumsaidie katika kila hitaji la mwili. Basi mama aliyeambiwa atembee ili asipate kiharusi, akarudi ndani kwa sababu ya kicheko chetu, amedhuriwa mwili. Kicheko hicho kimeigusa amri ya tano. Na mnong'ono wa kwamba "amekonda, lazima ana kitu" umeigusa ya nane, inayotukataza kumshuhudia jirani uongo na kututaka tumtetee na kumnenea mema.

Tunaweza kuanza mlangoni mwa kanisa. Baada ya ibada salamu zetu nyingi ni hukumu za mwili: "Umenenepa siku hizi!" "Mbona umekwisha hivyo, unaumwa?" Tunazitoa kwa upendo, lakini anayezipokea anakwenda nazo nyumbani. Tumuulize jirani habari za moyo wake na watoto wake, mwili tumwachie mwenyewe aseme akitaka. Umoja wa wanawake wanaweza kupanga kwenda kuwatembelea wagonjwa kwa miguu, kwa mwendo wa mkubwa kuliko wote katika kundi, pasipo mtu kuachwa nyuma. Vijana wanaofanya joging wanaweza kumkaribisha baba mwenye kitambi bila kumgeuza kichekesho cha asubuhi. Na mchungaji naye avae raba, atembee nao.

Nawe unayeona aibu, sikia neno la ndugu. Zungumza kwanza na mganga wa zahanati yako. Anza na mwendo mfupi unaouweza, si ule wa jirani. Tafuta mwenzako mmoja, kwa kuwa macho ya watu hupungua ukali yanapowakuta wawili. Ukitaka kuanza na safari yenye sababu, nenda mazoezi ya kwaya kwa miguu, hakuna ubaya. Lakini usikae siku zote ukitafuta sababu ya kujificha nyuma yake. Toka mchana kweupe, na yule atakayekuuliza unakwenda wapi, mjibu kwa sauti ya kawaida: "Siendi mbali, natembea kwa ajili ya afya yangu." Huenda atacheka. Huenda pia, baada ya wiki mbili, akakusubiri njiani akitaka kutembea nawe, kwa kuwa alikuwa na hofu ileile na hakuwa amemwona mtu wa kumtangulia.

Siwezi kukuahidi kwamba umati utaacha kunung'unika. Kwa Zakayo haukuacha. Ninachoweza kukuambia ni kwamba wakati watu walipokuwa wakimnung'unikia, yeye alikuwa amekwisha kushuka mtini, yuko njiani na Bwana, wakielekea nyumbani kula.