Mchuuzi wa Sandarusi na Mirathi Yake



Twapenda kuwakumbusha jambo ambalo wengi hulijua, walakini wachache hulitenda.

Mfikirini mchuuzi wa Kidigo wa karne ya 19. Hatulitaji jina lake, kwani mfano wake walikuwa wengi. Alitoka vijiji vya Shimba na mzigo wa sandarusi, ile gundi ichimbwayo ardhini, ambayo watu wa Ulaya na Marekani waliitaka kwa kung'arishia mbao. Aliteremka nayo hadi Gazi, Vanga au Mombasa, akarejea na nguo za merikani, shanga na waya. Huko pwani ndiko wengi wa mfano wake walikoijua swala na saumu. Akawa Muislamu, akaacha kupunja mizani, akapanda minazi, akaoa, akazaa.

Kisha akafa. Akakoshwa, akakafiniwa, akaswaliwa na kuelekezwa Kibla kaburini. Lakini mali yake je? Minazi na akiba ya nguo ilichukuliwa na wapwa zake, watoto wa dada yake, kwa desturi ya fuko. Mjane alirudi kwa jamaa zake, na mabinti waliiaga minazi waliyoipalilia kwa mikono yao.

Tusiwatukane wazee wetu. Desturi ile ilikuwa na sababu yake. Siku za njaa, kama ile kuu ya 1898 hadi 1900, watu waliwekwa rehani ili wengine wapate nafaka, na mjomba alikuwa na uwezo wa kumweka mpwa wake rehani kwa deni. Aliyebeba hatari ya deni la mjomba ndiye aliyengojea mali ya mjomba. Hiyo ilikuwa hesabu yao.

Lakini Uislamu umeivunja hesabu hiyo tangu msingi wake. Deni la maiti halimfuati mpwa. Lafuata mali ya maiti mwenyewe. Kwanza yatoka gharama ya mazishi, kisha deni, kisha wasia, ndipo warithi wagawiwe. Basi ikiwa mpwa ameondolewa mzigo ule, kwa hoja gani atashika ujira wake na kumnyima binti?

Kumbukeni kisa cha Saad bin Rabii, aliyeuawa katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Ndugu yake aliichukua mali yote, na mjane akaenda kwa Mtume (s.a.w.) kuwashitakia mabinti zake wawili. Aya za mirathi katika Suratin Nisaa zilipoteremka, Mtume alimwamuru ami yao awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumuni, na kilichobaki kiwe chake. Tazameni: mwanamke mmoja aliyedhulumiwa alisimama kudai haki, na haki hiyo ikawa sheria ya umma mzima.

Huenda mtu akasema, "Wapwa zangu ndio walioniuguza, je, niwatupe?" La, hasha. Sheria imekufungulia mlango. Waweza kuwausia wasiokuwa warithi hadi theluthi ya mali yako, na hata hiyo theluthi Mtume aliiita nyingi. Waweza pia kuwapa zawadi ukiwa hai na mwenye afya. Usiloweza ni kuligeuza fungu alilolikata Mola.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 170, imezitambua Mahakama za Kadhi kuhukumu mirathi ya Waislamu wanaokubali hukumu yake. Basi udhuru wetu ni nini? Kutoka Diani hadi Msambweni na Lunga Lunga, ardhi iliyokuwa ya minazi leo ina thamani kubwa, na kila thamani inapopanda, tamaa hupanda nayo. Mtu husali safu ya mbele, kisha akakaa kikaoni akasema, "Hapa tufuate mila," kwa kuwa mila siku hiyo yamfaa yeye.

Ewe ndugu, andika wasia wako usiku huu mbele ya mashahidi. Taja madeni yako, wataje mabinti zako. Mchuuzi yule aliitengeneza mizani yake sokoni; mizani ya mwisho, iliyopima mali yake, aliiacha mikononi mwa wengine. Wewe usiiache.

Wabillahi tawfiq.