Urithi wa Njaa

Msomaji, wahenga walisema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Methali hii tumeipokea tangu utotoni bila kuihoji, nami leo nataka tuihoji kidogo. Je, mtu aliyeshiba aweza kuijua njaa ya babu wa babu yake? Na kama aijua, je, ujuzi huo wamdai kitu?

Swali hili sikuliokota hewani. Katika nchi ya Marekani kuna chama kikongwe cha watu wenye asili ya kisiwa cha Ireland, kiitwacho Ancient Order of Hibernians, kilichoundwa New York mwaka 1836. Wengi hukijua kwa maandamano ya sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Lakini katika mji wa Philadelphia wanachama wake walianzisha kazi nyingine isiyo na ngoma wala bendera, nayo ni kukusanya vyakula na kuwapikia wahitaji. Wasema wafanya hivyo kwa kuikumbuka njaa iliyowaua wazee wao. Wapishi hao hawakuiona njaa hiyo, wala baba zao hawakuiona.

Ilianza mwaka 1845. Maskini wa Ireland, ambao wengi wao walikodi vijishamba katika ardhi ya mabwana, waliishi kwa viazi. Nafaka na mifugo viliuzwa ili kodi ilipwe. Viazi ndivyo vilivyobaki kwa ajili ya tumbo. Ukaja ugonjwa wa ukungu, viazi vikaoza vingali ardhini, na mwaka 1846 mavuno yakaharibika karibu yote. Njaa ilipokoma, mnamo 1852, watu wapatao milioni 1 walikuwa wamekufa kwa njaa na kwa maradhi yaandamanayo nayo, na wengine zaidi ya milioni 1 walikuwa wamepanda meli na kuihama nchi. Mwaka 1841 kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Mwaka 1851 walihesabiwa kama milioni 6 na nusu.

Hata hivyo, si ukungu uliobaki moyoni mwa Waairishi. Kilichobaki ni kumbukumbu ya meli zilizojaa nafaka, siagi na mifugo, zikitoka katika bandari zao kwenda Uingereza wakati watu walipokuwa wakila majani. Serikali ya London, iliyokitawala kisiwa, ilishika imani kwamba biashara isiingiliwe. Mwaka 1847 ilifungua majiko ya supu, na wakati mmoja yalilisha watu kama milioni 3 kwa siku. Kisha, kabla ya mwaka kwisha, yakafungwa. Fikiri maana yake. Ilikwisha onekana kwamba kuwalisha kwawezekana. Kuacha kulikuwa ni uamuzi.

Sasa, aliyerithi habari kama hii amerithi nini? Wako waaminio kwamba mateso humfundisha mtu huruma yenyewe tu, kama mvua ioteshavyo majani. Mimi siamini hivyo. Nimepata kumwona katika bweni kijana aliyekulia katika dhiki akificha mkate chini ya godoro, na mwingine wa dhiki ile ile akimmegea jirani nusu ya wake. Na historia yashuhudia jambo kubwa kuliko hilo. Julai 1863, miaka 16 tu baada ya majiko yale kufungwa, ghasia zilizuka New York juu ya sheria ya kuwaingiza watu jeshini. Wengi wa wafanya ghasia walikuwa Waairishi maskini. Waliwaua watu weusi barabarani, wakaichoma moto nyumba ya mayatima weusi iliyokuwa na watoto zaidi ya 200, ambao kwa bahati njema walitolewa salama. Njaa, basi, haimfanyi mtu kuwa mwema. Humwachia kinyongo na huruma katika mfuko mmoja, naye ndiye atiaye mkono na kuchagua.

Walikuwapo waliochagua vingine. Kuanzia mwaka 1831 serikali ya Marekani iliwaondoa Wachoctaw, wenyeji wa asili wa nchi ile, katika ardhi yao ya Mississippi, ikawapeleka magharibi. Maelfu walikufa kwa baridi, njaa na maradhi. Mwaka 1847 habari za Ireland ziliwafikia. Watu hao, ambao makaburi yao yalikuwa bado mabichi, walichanga dola 170 hivi wakazituma kwa watu ambao hawakupata kuwaona. Hawakuwa na undugu nao wala deni kwao.

Hapa mwanafunzi mwerevu atauliza: kama Waairishi wana deni, si wawalipe Wachoctaw, badala ya kuwapikia maskini wa Philadelphia? Ni swali la haki, na kwa muda mrefu lilinitatiza. Lakini deni la fedha lina jina la mwenyewe juu yake. Deni la chakula kilicholiwa na wafu halina. Waliokipokea wamekufa, na waliokitoa wamekufa. Mwaka 2020, maradhi ya Uviko yalipowashika Wanavajo na Wahopi, makabila mengine ya wenyeji wa Marekani, maelfu ya Waairishi waliwatumia msaada huku wakiwataja Wachoctaw. Hawakukosea anwani.

Mwingine atasema kwamba huu ni ufahari wa ukoo tu, watu kujisifu kwa makaburi ya wazee wao. Huenda baadhi yao wana ufahari; mimi sikupewa mizani ya kupimia nyoyo. Lakini mwaka 1968, Biafra ilipokuwa ikifa njaa vitani, kundi la watu wa Dublin liliunda shirika liitwalo Concern ili kupeleka chakula, na shirika hilo limepata kufanya kazi hata hapa Kenya. Mtoto aliyekinywa kikombe cha uji hakuuliza kama aliyekileta alikuwa na ufahari au hana.

Katika mji wa Midleton, kusini mwa Ireland, yako manyoya 9 ya tai yaliyotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, yaliyosimamishwa kuwa shukrani kwa Wachoctaw na kuzinduliwa mwaka 2017. Yana urefu wa kama mita 6, nayo yamepangwa kwa duara, yakiinama kidogo, hata mtazamaji aonapo mfano wa bakuli. Bakuli hilo halina kitu ndani yake.