Kamba Anakula Riziki ya Nani?

Katika wilaya za Bagerhat na Khulna, kusini-magharibi mwa Bangladesh, kamba wakubwa wa maji baridi hufugwa ndani ya mashamba ya mpunga yaliyozungushiwa matuta. Kwa muda mrefu wafugaji wamewalisha nyama ya konokono wanaookotwa mabondeni. Wanawake maskini huketi wakivunja magamba, mmoja baada ya mwingine, kwa ujira mdogo, ilhali kamba wenyewe huishia kwenye meza za Ulaya na Marekani. Konokono huyo ni riziki ya bata na samaki wa asili, na akiokotwa kuliko anavyozaliana, bonde zima hudhoofika. Jambo hilo tunalo hata huku kwetu: dagaa wengi wa Ziwa Victoria husagwa kuwa chakula cha mifugo, nao ndio kitoweo cha mtu wa kipato cha chini. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kamba atakua kwa kasi gani, ni wajibu kuuliza anachokula kimetolewa kinywani mwa nani.

Mimea inatoa njia nyingine ya kumlisha, kwa kuwa kamba huyu hachagui: mtoni hula mbegu, wadudu, konokono na majani yaliyooza. Atasema mtu kwamba kumnyima nyama ni kumdhulumu. Hoja hiyo ina uzito. Soya ina upungufu wa asidi-amino ya methionini, na isipopashwa moto huzuia mmeng'enyo wa protini. Tena kamba hawezi kujitengenezea kolesteroli, ambayo mimea karibu haina. Waislamu, ambao ndio wengi Bangladesh, wanaijua hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Aliyemzungushia kiumbe tuta amebeba dhamana ya tumbo lake. Lakini dhamana hiyo inadai lishe inayotosha, hata ikibidi kuchanganya kiasi kidogo cha vichwa na matumbo ya samaki. Haidai konokono wamalizwe.

Pingamizi kali zaidi ni kwamba soya nayo ni chakula cha watu, na huko Brazili kilimo chake kimekula mbuga na misitu. Ni kweli, na ndiyo maana jina la mmea peke yake halimtakasi mfugaji. Kinachostahili kutangulia ni mashudu ya haradali na pumba za mpunga, yaani kinachobaki baada ya binadamu kuchukua mafuta na mchele wake, mradi ng'ombe wa jirani asikose fungu lake. Na wale wanawake je, watakula nini? Ujira wao utakwisha siku konokono watakapokwisha. Kuendelea kuwamaliza konokono hakuwaokoi wanawake hao. Gharama ya kuwapatia kazi nyingine imwangukie anayefaidi zaidi, mfanyabiashara na mlaji wa mbali, hata kama itampasa kununua kamba kwa bei ya juu. Kamba ni anasa, na mwenye anasa hana udhuru wa kumtwisha maskini gharama yake.