Aliingia Lini?

Desemba Mwika hujaa. Walioko Dar, Arusha na ng'ambo wanarudi kula Krismasi, na hapo ndipo wasomi hupimwa, kata ya mbege ikizunguka. Mwaka jana tulipima wawili: binamu yangu aliyetoka kidato cha sita akaingia Mlimani moja kwa moja, na jirani yetu aliyesoma shahada ya kwanza kwenye chuo ambacho nusu yetu hatukujua kiko mkoa gani, akafundisha miaka saba, kisha akapata nafasi ya uzamili Uingereza, chuo chenye jina hata watoto wanalijua.

Baba mdogo akahukumu: "Huyu kaingia mlangoni. Yule kapenya dirishani."

Tukacheka. Mimi ndiye niliyeongeza kwamba dirisha lenyewe hufunguliwa kwa hela.

Tusidanganyane, kejeli ile ina ukweli wake. Mlango wa kwanza ni mwembamba kwa sababu tunausukuma wote pamoja, kwa mtihani mmoja wa taifa. Foleni ya pili ni fupi, wengi walishaajiriwa au walishakata tamaa, na ada ya mgeni huko ng'ambo ni biashara nzuri kwa vyuo. Lakini ile foleni ndefu inapima nini hasa? Inapima ulikuwaje ukiwa na miaka kumi na tisa: ulisomea taa au kibatari, kahawa ya baba yako iliuzwa bei gani mwaka ule. Ya pili angalau inakuuliza umefanya nini tangu hapo.

Halafu majina ya shahada nayo yanatuchezea. Nyerere alitoka Makerere na diploma ya ualimu, akafundisha, akaenda Edinburgh mwaka 1949 akiwa na miaka 27, akarudi 1952 na M.A. Tukisikia M.A. tunasema basi, uzamili huo. Kumbe kwa desturi ya vyuo vikongwe vya Uskochi, M.A. ya masomo ya sanaa ni shahada ya kwanza! Na Oxford, mwenye B.A. yao hupewa M.A. baada ya miaka kadhaa bila mtihani mwingine wowote. Sasa bwana, Mwalimu aliingia mlangoni au dirishani?

Ngũgĩ wa Thiong'o ndiye anayenisumbua zaidi, maana nami nataka kuandika riwaya. Baada ya Makerere alikwenda Leeds mwaka 1964, akaondoka bila kumaliza shahada ya pili. Alitoka na *A Grain of Wheat*, iliyochapishwa 1967.

Basi kwa nini nilicheka vile? Mimi pointi hazikutosha, sikuingia popote. Nilitaka mlango ulionifungia uwe ndio mlango pekee duniani, ili kushindwa kwangu kuwe na heshima. Nikikubali kuna mwingine mbele, lazima kesho niamke niutafute.

Jirani alikuwa nyuma yetu, migombani, kaja kumsalimia mama. Alisikia yote. Alipokea kata, akanywa, akamrudishia baba mdogo kwa mikono miwili.

Kabla hajaondoka Januari aliniuliza kama bado naandika. Nikamjibu ndiyo, kaka. Habari ya dirisha hatukuigusa.