Wajibu kwa Kiumbe Asiyesema

Mtu aweza kujiona mwema kwa sababu ana huruma, na huruma yake isimfae kitu kiumbe aliyekusudiwa. Amwona ng'ombe ana njaa, humpa majani. Amsikia mbwa akilia mlangoni, humfungulia. Wanyama hawa wametuzoea nasi tumewazoea, nao wana sauti ya kutudai haki yao. Lakini yuko kiumbe asiye na sauti ya kulia, asiye na uso wa kuonyesha huzuni, wala mkia wa kutikisa kwa shukrani. Kiumbe huyo ni nyoka. Katika insha hii nataka nyoka awe mizani ya swali moja la wema: mtu amfungiaye kiumbe ndani ya nyumba yake ana deni gani kwake, na deni hilo hupimwa kwa kipimo cha nani?

Tuseme kijana mmoja wa Kawangware 46, mahali pa Nairobi palipopata jina lake kutokana na namba ya matatu ziendazo mjini, amepewa chatu ndani ya sanduku. Chatu huyu si yule mkubwa wa nchi yetu awezaye kumeza swala. Ni jamaa yake mdogo wa Afrika ya Magharibi, ambaye makao yake yameenea kuelekea mashariki mpaka upande wa kaskazini-magharibi wa Uganda. Wataalamu humwita Python regius, maana yake chatu wa kifalme. Akikomaa urefu wake ni mita moja na zaidi kidogo. Hana sumu, na akiogopa hamrukii adui, bali hujikunja akawa duara kama mpira na kuficha kichwa chake katikati. Kwa ajili ya upole huo amependwa mno ng'ambo, na maelfu kwa maelfu ya jamaa zake wamesafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin kwenda kuuzwa Ulaya na Marekani. Upole ambao ulipasa kuwa kinga yake umekuwa ndio sababu ya kufungwa kwake.

Yafaa kwanza tujue jinsi aishivyo akiwa huru. Mchana hulala katika mashimo ya panya na katika vichuguu vya mchwa. Usiku hutoka kutafuta riziki. Damu yake haina joto la kudumu kama yetu. Hulipata kutoka ardhini na hewani. Akiona baridi husogea penye joto, akiona joto limezidi huingia chini zaidi penye ubaridi na unyevu. Hana saa wala kipimo, lakini mwili wake wajua, na miguu asiyokuwa nayo haimzuii kwenda mahali pamfaapo. Riziki yake, maji yake na hali yake ya hewa vyote viko mikononi mwake, ikiwa yafaa kusema hivyo juu ya kiumbe asiye na mikono.

Sasa mfungie ndani ya sanduku. Siku hiyo hiyo umemwondolea uwezo wa kwenda penye joto, wa kwenda penye unyevu, wa kutafuta chakula na wa kukikimbia kilicho kibaya. Vyote hivyo umevichukua wewe. Basi mwenye kuchukua hana budi kurudisha. Hapo ndipo deni huanza, nalo halianzi kwa mapenzi bali huanza kwa kufunga mlango.

Tulitazame deni hilo moja moja, maana wema usioingia katika mambo madogo ni maneno matupu. La kwanza ni joto. Chatu huyu ataka upande mmoja wa makao yake uwe na joto la nyuzi 31 au 32 za Selsiasi, na upande wa pili uwe na nyuzi 25 au 26, ili achague mwenyewe. Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na usiku wa mwezi wa Julai joto huweza kushuka mpaka nyuzi 12 hivi. Chumba cha mabati huwa kama tanuri wakati wa adhuhuri na kama kisima usiku wa manane. Umeme ukikatika, taa ya joto huzimika. Mtu akidhani atamsaidia chatu kwa kuweka jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha, atahatarisha maisha ya nyumba nzima, kwa maana hewa ya sumu itokayo katika makaa haionekani wala hainuki, na imeua watu wengi usingizini.

La pili ni unyevu wa hewa. Chatu huyu hustawi katika hewa yenye unyevu wa asilimia 50 mpaka 60, na zaidi kidogo wakati anapokaribia kujivua gamba. Hewa ikiwa kavu, gamba halitoki zima kama soksi ivuliwayo. Hutoka vipande vipande, na mabaki yake huweza kumbana ncha ya mkia hata damu isifike. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba jembamba lipitishalo nuru, na katika ukavu gamba hilo la zamani huganda juu ya jicho asipate kuona vema. Kwa upande mwingine, hewa ikilowa kupita kiasi na sanduku likawa chafu, lisilopitisha upepo, ngozi ya tumboni huoza na mapafu hushikwa na maradhi. Mtu hawezi kusema, 'Nimenyunyiza maji mengi, kwa hiyo nimetenda wema mwingi.' Hapa wingi si wema. Wema ni kadiri.

La tatu ni chakula, na hapa ndipo huruma isiyo na maarifa hujikwaa zaidi. Sisi hula kila siku, basi twadhani kila kiumbe asiyekula kila siku ana njaa. Chatu huyu akiwa mzima hutosheka na panya mmoja, ambaye unene wake hauzidi sana unene wa mwili wa chatu, kwa majuma mawili au zaidi. Aliye mdogo hulishwa kila juma. Pengine hukataa chakula kwa majuma mengi, hata kwa miezi, wala si mgonjwa. Mfugaji asiyejua huingiwa na hofu, akamwachia panya hai ndani ya sanduku usiku kucha; asubuhi hukuta si chatu aliyemla panya, bali panya aliyemtafuna chatu mgongo. Na panya naye ni kiumbe; ikiwa lazima afe, auawe upesi na bila mchezo. Zaidi ya hayo, chatu akishalishwa kisha akapigwa na baridi, tumbo lake halina nguvu ya kusaga. Nyama huoza ndani yake, akaitapika, akadhoofika. Chakula kile kile ambacho katika joto ni uhai, katika baridi ni madhara. Aliyempa chakula na kumnyima joto hakumpa nusu ya haki yake. Amemdhuru, hali moyo wake wamwambia kuwa amemtendea ihsani.

Somo lililomo katika mambo hayo ni kubwa kuliko chatu. Twapenda kutoa kile ambacho ni rahisi kwetu kutoa, au kile ambacho sisi wenyewe tungependa kupewa, kisha twaita kutoa huko upendo. Kijana hupenda kumshika chatu wake na kumwonyesha kwa rafiki zake. Chatu aliyekwisha kula ataka kuachwa peke yake gizani kwa siku mbili au zaidi. Mmoja ataka kuonekana, wa pili ataka kujificha. Wahenga wamesema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mfungaji halali katika sanduku. Kwa hiyo yampasa ajifunze, apime na aulize, kwa sababu moyo wake hautamwambia kilichomo humo.

Hapana shaka msomaji mmoja atasimama na kusema: 'Katika mtaa ambao watu hununua maji kwa mtungi, na watoto wengine hulala bila chakula, ni ubatili kuhangaikia unyevu wa hewa ya nyoka.' Neno hili ni zito, nami silipuuzi. Haki ya mtoto hutangulia haki ya chatu, na mwenye mtungi mmoja wa maji hana ruhusa ya kumnyima mtoto ili kulowesha sanduku. Lakini angalia neno hili linahukumu nini. Halihukumu kwamba chatu aliyefungwa anyimwe. Lahukumu kwamba mtu asiyekuwa na cha kumpa asimfunge. Umaskini wamwondolea mtu lawama ya kutotoa sadaka, lakini haumwondolei lawama ya kujitwalia deni jipya ambalo hawezi kulilipa. Chatu hakubisha hodi Kawangware kuomba chumba. Aliletwa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nayo kamba hiyo imefungwa na mwenyeji.

Mwingine atasema: 'Nyoka hampendi mtu wala hatambui wema, kwa nini nimtendee haki asiyejua shukrani?' Ikiwa haki yategemea shukrani, basi mtoto mchanga hana haki, wala mzee aliyepotewa na akili, wala mgonjwa asiyejitambua. Twajua kwamba sivyo. Kinyume chake, kadiri kiumbe asivyoweza kutudai, ndivyo wajibu wetu unavyozidi kutegemea uaminifu wetu peke yake. Ng'ombe asipokamwa hulia, na jirani akasikia. Chatu akiteseka hunyamaza, na hakuna ajuaye ila aliyemfungia. Kwa sababu hiyo nasema nyoka ni mizani nzuri: hapa mtu hana shahidi wala sifa, amebaki na dhamiri yake.

Wako pia watu walioishi karibu na chatu pasipo kujiona kuwa wenye mali juu yake. Katika mji wa Ouidah, nchini Benin, liko hekalu la chatu wa kifalme, na husimuliwa kwamba mara kwa mara huachwa watoke usiku kujitafutia chakula, na anayewakuta nyumbani mwake huwarudisha kwa heshima. Huku kwetu Kenya, watu wa Nyakach karibu na Ziwa Viktoria walimheshimu chatu mkubwa aliyeitwa Omieri, wakiamini kwamba kuja kwake ni dalili ya mvua na mavuno mema. Mwaka 1987 Omieri aliunguzwa na moto wa msituni, akachukuliwa kwenda kutibiwa Nairobi, na watu wa kwao wakadai arudishwe. Alikufa kwa majeraha yake. Si lazima msomaji awe na imani yao ili aone kwamba walimpenda chatu ambaye hawakumfungia mlango.

Nchi nayo imeweka sheria. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumfuga mnyama wa porini bila kibali, na mkataba wa kimataifa uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973 huchunga biashara ya chatu wa kila namna. Lakini hata kama sheria ingeruhusu, kuna jambo la miaka. Chatu wa kifalme huweza kuishi miaka 20 au 30 kifungoni. Mmoja aliyekuwa katika bustani ya wanyama ya St. Louis, Marekani, alitaga mayai mwaka 2020 akiwa amekadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Kijana wa miaka 16 amchukuaye leo ameahidi kumtunza mpaka yeye mwenyewe awe na watoto wa shule. Akichoka naye akamtupa kando ya mto, ama baridi itamwua, ama watu watampiga mawe kwa hofu. Huko Florida, chatu wa Burma walioletwa kuuzwa, kisha wakatoroka au wakaachwa na wenyewe, wamezaana katika vinamasi vya Everglades na kuwapunguza sana wanyama wa asili wa mahali pale. Deni lililokimbiwa halifi. Hulipwa na wasiolikopa.

Sisemi kwamba hakuna awezaye kumtunza chatu. Katika Bustani ya Nyoka ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi, wapo wenye ujuzi, vifaa na ruhusa, na kila mwanafunzi aweza kwenda kutazama na kujifunza. Nasema tu kwamba kabla ya kufunga mlango, mtu ajiulize kama aweza kuwa jua, mvua na ardhi kwa kiumbe huyo, leo na miaka 20 ijayo, hata siku ambayo hamtamani tena. Akijibu ndiyo kwa kweli, na atimize yote mpaka jambo dogo la mwisho. Akijibu la, asijidhani kuwa amekosa upendo. Kupenda kitu bila kukitia mkononi ni upendo pia, na mara nyingi ndio ulio bora.

Nanyi vijana, karibuni mtakabidhiwa viumbe wengi wasioweza kuwadai: watoto wachanga, wagonjwa, wazee, watumishi waliofungiwa nyumbani mwa watu wakiogopa kusema. Msingoje walie. Ulizeni wahitaji nini, kisha mpime kwa haja yao wala si kwa raha yenu.