Nani Aamue Kuwa Mchakato Umetelekezwa?
Mtumiaji wa Linux anapotoka kwenye kompyuta kikao chake hufungwa, lakini baadhi ya michakato yake, au ile ya dirisha la kuingilia la GDM, huweza kubaki ikila kumbukumbu. Kuandika skripti ya kuifagia kila saa si kazi ngumu. Kigumu ni swali linalotangulia: mchakato usio na mtu mbele yake umetelekezwa, au umetumwa?

Mwaka 2016 swali hilo lilizua mabishano makali. Toleo la 230 la systemd, programu inayosimamia huduma na vikao katika mifumo mingi ya Linux, liliweka kanuni kuwa michakato yote ya anayetoka iuawe, isipokuwa kwa ruhusa ya wazi. Watumiaji wa tmux na screen, programu zilizoundwa makusudi zibaki hai mwenyewe akiondoka, walilalamika kwamba agano la miaka mingi limevunjwa. Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux inayotumia systemd, ikarudisha utaratibu wa zamani.

Hoja ya wanaotaka michakato hiyo ifagiliwe ina uzito: mashine inayotumiwa na wengi haiwezi kubeba mabaki ya kila apitaye. Hata hivyo, skripti huona dalili tu, yaani umri wa mchakato, mzazi aliyekufa, kikao kilichofungwa. Nia haimo humo. Tena namba za michakato hutumika upya, hivyo kuua kwa namba iliyohifadhiwa jana huweza kumpata asiyehusika. Kufuata kikundi ambamo kerneli imeusajili mchakato huondoa kosa hilo la utambulisho. Kosa la nia halina dawa ya kiufundi. Msimamizi hulipunguza kwa kutangaza kanuni mapema na kuacha mlango wa kuomba msamaha wa kudumu kwa kazi ndefu.