Viti Kumi na Vitatu

Kaka yangu alipoiona mara ya kwanza hakusema ni nzuri. Wageni wengine wote wanaofika kwa keja yangu husema ni nzuri, na kuna wanaotoa simu wakaipiga picha. Yeye aliinama, mikono nyuma kama mtu anayekagua gwaride, akachungulia ndani kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Watu wako wapi?"

Nilicheka. Nikamwambia ni modeli tu, bro, si lazima iwe na watu. "Sawa," akasema, akaketi, akaomba chai. Swali lake limenikalia kichwani miezi minne sasa.

Kitu chenyewe ni hafutraki, gari la kijeshi lenye magurudumu mbele kama lori, na nyuma lina minyororo kama ya kifaru. Yangu ni M3 ya Marekani, gari lililobeba wanajeshi katika Vita vya Pili vya Dunia. Nililikuta Toi Market, ndani ya boksi lililobonyea, kati ya viatu vya watoto na taa za Krismasi. Muuzaji hakujua ni nini, mimi pia sikujua. Aliniitisha mia saba, tukaelewana mia nne hamsini. Nilikuwa nimenunua mbuzi kwenye gunia. Nilipofungua nilikuta mamia ya vipande vya plastiki vya rangi ya kijani, kila kimoja na namba yake, na karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara nane.

Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo, mwaka wa pili, na naandikia watu matangazo ya sabuni na mafuta ya nywele kwa malipo yanayokuja yanapojisikia. Siku zangu hazikuwa na mpangilio. Ghafla hapa kuna kitu ambacho kipande namba 14 kinaingia kwa namba 15, na kikiingia kinakaa. Msinicheke. Ukiwa na miaka ishirini na tatu na hujui utalipaje rent ya mwezi ujao, kitu kinachokaa mahali pake ni dawa.

Kipimo chake ni 1 kwa 35. Gari halisi lilikuwa na urefu wa mita 6 na kidogo, kwa hiyo langu lina sentimita kama 17 na nusu. Nilitumia wembe, msasa, kijiti cha meno na gundi. Nilisoma kila nilichopata. Nikajua kwamba M3 ilianza kutengenezwa 1941, kwamba magari ya ukoo huo yalizidi 40,000, kwamba magurudumu yake ya mbele yalipewa nguvu na injini wakati yale ya hafutraki za Wajerumani yalikuwa ya kuelekeza tu. Nikajua kwamba "minyororo" yake kwa kweli ni mkanda wa mpira uliotiwa nyaya za chuma ndani. Nikajua viti: vitatu mbele, vitano kila upande nyuma, jumla kumi na vitatu. Nilivipaka rangi vyote, mishono ya turubai nikaichora kwa ncha ya sindano.

Halafu ikaja sehemu ninayoipenda kuliko zote, kuzeesha. Gari jipya la plastiki linaonekana kama toy. Ili liwe "la kweli" lazima uliharibu kwa makini: kutu kwenye bolti, oili iliyovuja chini ya injini, rangi iliyochubuka mlangoni ambapo buti zimepita mara elfu. Vumbi nililichota kwa mkono wangu kando ya barabara kule Kiambu, nikalichekecha kwa soksi ya mathe, nikalichanganya na gundi nyeupe. Siku tatu nzima nilikuwa napaka vumbi.

Hapo ndipo swali la kaka linapouma. Nilipaka kutu, oili, matope na masizi. Ndani ya gari lililotengenezwa kubeba watu hadi mahali pa kuuawa na kuua, sikupaka hata tone moja la damu, na sikuweka mtu. Wenzangu wengi wa hobi hii, kazi zao nilizoziona pichani, wako vivyo hivyo. Tunabishana juu ya kivuli sahihi cha kijani. Damu tunaona ni ushamba.

Jibu la kwanza ninaloweza kutoa ni rahisi: ni plastiki. Hakuna aliyeumia nikiikata. Hilo ni kweli, lakini halijibu kitu. Picha ya marehemu wako pia ni karatasi tu, lakini jaribu kuifutia viatu. Kitu kinachofanana na kingine hubeba deni kidogo la kile kingine.

Jibu la pili ni la heshima zaidi: ni historia. Ninajifunza. Hili nililiamini hadi siku nilipochukua rula.

Bati la ubavuni la M3 halisi lilikuwa na unene wa milimita 6.35, yaani robo inchi. Kwa kipimo cha 1 kwa 35, bati hilo lingepaswa kuwa na unene chini ya milimita 0.2, karibu sawa na karatasi mbili za printa zikilaliana. Plastiki haiwezi kumwagwa kwenye kalibu ikiwa nyembamba hivyo, ingevunjika mkononi. Nilipopima ukuta wa modeli yangu nikapata milimita moja. Ukiukuza mara 35, ni chuma cha milimita 35. Kwa hiyo gari langu, ambalo nilijisifu kwamba kila bolti iko mahali pake, linawalinda watu wasiokuwepo mara tano kuliko gari la kweli lilivyowalinda watu waliokuwemo.

Bati la robo inchi lilizuia risasi za kawaida za bunduki kama umbali ulitosha. Risasi nzito zaidi zilipita. Na juu gari lilikuwa wazi, halina paa, kwa hiyo kombora likipasuka hewani vipande viliwanyeshea waliokaa ndani. Wanajeshi wa Marekani walilipa jina la utani lenye uchungu: sanduku la Purple Heart, kwa kuwa Purple Heart ndiyo nishani wanayopewa waliojeruhiwa au kuuawa vitani. Februari 1943 majeshi yao yalipigwa vibaya na Wajerumani huko Kasserine, Tunisia, bara letu hili hili, na hafutraki zilikuwemo katika kile kipigo.

Mtu fulani alikaa na karatasi akapiga hesabu: ukiongeza unene, gari linakuwa zito, linakwenda polepole, linakula mafuta, linagharimu zaidi, na utatengeneza machache. Robo inchi inatosha. Simlaumu haraka. Huenda hesabu ilikuwa sahihi, na huenda magari mengi mepesi yaliokoa wengi kuliko machache mazito yangeokoa. Ninachosema ni kwamba ile robo inchi ni uamuzi wa kimaadili ulioandikwa kwa milimita, na modeli yangu, kwa usahihi wake wote, ilikuwa imeufuta.

Usahihi na ukweli, basi, si kitu kimoja. Naweza kuwa sahihi kuhusu mambo elfu moja yaliyo rahisi kupimika ili nisitazame jambo moja lililo gumu. Umakini tunausifu siku hizi kama vile ni wema wenyewe, lakini umakini pia ni pazia. Mtu anaweza kukodoa macho kwenye bolti ili asimwone aliyekaa pembeni mwa bolti.

Kuna anayesema kosa si la chuma. Anaweza kunitajia Adolphe Kégresse, Mfaransa aliyelitengenezea hafutraki gereji la mfalme wa Urusi, ili magari yake yapite kwenye theluji. Baada ya mapinduzi alirudi Ufaransa, Citroën wakauchukua mfumo wake, na magari yao yakavuka Sahara. Katika safari yao ya 1924 hadi 1925 yalikatiza Afrika, na kundi moja likateremka hadi Mombasa. Jeshi la Marekani nalo lilinunua magari ya aina hiyo ili kuyachunguza, na huko ndiko ukoo wa M3 unakoanzia. Kwa hiyo, ataniambia, ni mashine tu: leo theluji, kesho jangwa, keshokutwa vita. Nakubali kwamba chuma hakina dhambi. Lakini mimi sikununua chuma. Nilinunua umbo la gari la vita, na kilichonivuta, niseme ukweli, ni kwamba ni la vita. Boksi hilo lingekuwa la trekta la kulimia, sidhani ningetoa hata mia mbili.

Ukipita Kenyatta Avenue utaona sanamu tatu za shaba, zile za Askari Monument. Mmoja wao ni mpagazi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, hapa kwetu, kazi ambayo baadaye ilifanywa na magari kama hafutraki, kupeleka mizigo pasipo na barabara, ilifanywa na vichwa na mabega ya watu. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa. Maandishi ya pale yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki Kariokor, ambapo tunakula nyama choma. Najua namba ya injini zilizowekwa kwenye M3. Jina la mpagazi hata mmoja silijui, na naishi dakika ishirini kwa mat kutoka Kariokor. Ujuzi wangu unafuata chuma kwa sababu chuma kiliandikwa vizuri kwenye madaftari.

Sasa nirudi kwa kaka, maana nimemzunguka vya kutosha.

Kaka yangu ni mwanajeshi. Alitumwa Somalia. Hazungumzi sana kuhusu huko, nami sijawahi kumuuliza vizuri. Ninachojua ni kwamba pesa alizopata huko ndizo zilizonilipia karo ya mwaka wa kwanza na nusu ya ule wa pili. Nilipoacha chuo nilimtumia meseji. Alijibu neno moja, "Sawa," lile lile alilosema siku ya modeli. Yaani kuna kiti fulani, ndani ya gari fulani la deraya, ambacho mtu alikikalia ili mimi nikalie kiti darasani. Kisha mimi nikainuka.

Kwa hiyo alipouliza "Watu wako wapi?" sijui kama alikuwa anauliza kuhusu plastiki. Ila nilipojitetea kwamba watu si lazima, nilikuwa nasema uongo. Kwenye boksi walikuwemo askari watano. Niliwaacha kwa sababu nyuso ni ngumu. Kwa kipimo hicho kichwa cha mtu ni milimita sita na kitu, na mkono ukitetemeka kidogo jicho linaishia shavuni. Gari lingeharibika. Nililinda uzuri wa gari dhidi ya watu wake.

Sitaacha hobi hii. Sidhani kupenda umbo la gari la vita ni dhambi, na kutupa modeli kwa pipa kungenifanya nijisikie msafi bila kunifanya mkweli. Ninachokiona kuwa ni wajibu ni kidogo tu: ukiamua kukitazama kitu kwa makini, usichague tu kile ambacho hakiwezi kukutazama wewe.

Wiki iliyopita niliwatoa wale watano. Wawili wamekamilika. Dereva ana jicho moja kubwa kuliko lingine, anaonekana kama mtu aliyeshtuliwa. Nimemwacha hivyo. Viti vinane vitabaki vitupu maana hakuna askari wa kutosha, na kwa mara ya kwanza utupu huo unaonekana ni utupu.

Jumapili kaka alipita. Nilimuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza miaka mitatu iliyopita: huko ulikuwa unakaa wapi, ndani ya gari? Aliinyanyua modeli, akaielekeza kwenye dirisha, akaweka kidole kwenye kiti cha nyuma karibu na mlango.

"Hapa," akasema. "Wa kwanza kushuka."

Nikaweka maji ya chai, nikakaa nimsikilize.